Joto la modeli halilingani na joto la nyumba: utatuzi wa matatizo kwa majengo yanayopozwa na upepo

Umejenga modeli ya kompyuta ya nyumba isiyo na kiyoyozi, ukatundika vipimajoto ndani wiki tatu, ukaweka mistari miwili kwenye grafu moja, na haikutani. Wengi wakifika hapo huanza kuchezea kuta: wanaongeza unene wa tofali, wanabadili rangi ya bati, wanagusa kioo, hadi mistari ikubaliane. Mwishowe itakubaliana, maana modeli yenye vigezo hamsini hulazimishwa kukubaliana na chochote. Msimu ukibadilika, inaachana tena.

Njia iliyo salama zaidi ni kuanzia kwenye dalili na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo. Mfano wangu ni nyumba ya kawaida ya Dar es Salaam: ya chini, kuta za bloku za inchi sita zilizopigwa plasta, bati juu, silingibodi chini yake, madirisha pande mbili, wavu wa mbu. Programu ninayoitaja ni EnergyPlus, inayokokotoa joto na nishati ya jengo, kwa sababu ni ya bure na ndiyo injini iliyofichwa ndani ya programu nyingine kama DesignBuilder. Dalili zenyewe hazibagui programu.

Kabla hujagusa kitu: soma umbo la kosa

Chora siku moja ya wastani, saa 24, yenye mistari mitatu: joto la ndani ulilopima, joto la ndani la modeli, na joto la nje. Huo wa tatu ndio unaosahaulika, na ndio unaosema mengi. Kisha jiulize: je, modeli imekosea kwa kiasi kilekile mchana na usiku? Au inapanda na kushuka kuliko nyumba, au inapanda na kushuka kidogo mno? Au kilele chake kimewahi au kimechelewa?

Kosa la kiasi kilekile mara nyingi latoka ardhini, kwenye kipimajoto chenyewe, au kwenye faili la hali ya hewa. Kosa la kupanda na kushuka latoka kwenye hewa inayopita na uzito wa jengo, yaani uwezo wa kuta na sakafu kushika joto. Kosa la saa huwa ni la saa tu, wala halihitaji fizikia.

Fanya na hesabu moja ya kalamu na karatasi. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.8 kina hewa ya mita za ujazo 45 hivi. Kila hewa hiyo inapobadilishwa mara moja kwa saa, inabeba wati 15 kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Sasa tia ndani ya chumba wati 600 za joto kutoka kwa watu, televisheni, jua la dirishani na dari. Ikibadilika mara 10 kwa saa, hewa ya ndani itaizidi ya nje kwa nyuzi 4. Ikibadilika mara 20, kwa nyuzi 2. Mara 40, nyuzi moja. Hapo kuta bado hazijahesabiwa, nazo hupunguza zaidi. Ukitoka mara 20 kwenda 40 umebadilisha nyuzi moja tu. Ukitoka mara 2 kwenda 4 umebadilisha nyumba nzima. Kwa hiyo nyumba iliyofunguliwa wazi kwenye upepo haikupi sababu ya kubishana juu ya kuta. Ubishi wenye maana uko kwenye saa zile ambazo hewa inapita kidogo: usiku madirisha yakiwa yamefungwa, na alfajiri upepo ukiwa umelala.

Dalili: modeli ni baridi kuliko nyumba kwa nyuzi mbili tatu, mchana kutwa na usiku kucha

Angalia joto la ardhi. Usipoliandika, EnergyPlus huchukua nyuzi 18 kwa miezi yote kumi na miwili. Nambari hiyo ina mantiki kwa jengo kubwa la kibiashara la Marekani ambalo ndani yake hushikiliwa kwenye nyuzi 20 hivi mwaka mzima. Dar es Salaam, ambako wastani wa joto la hewa kwa mwaka ni kama nyuzi 26, udongo wa nyuzi 18 chini ya sakafu haupo.

Uone uzito wa kosa hili. Sakafu ya chumba chetu ni mita za mraba 16, zege la sentimita 10 lililolazwa juu ya udongo bila kihami. Hewa ya ndani ikiwa nyuzi 28 na udongo 18, sakafu hiyo itanyonya zaidi ya wati 600. Ni kama umefunga robo ya kiyoyozi cha BTU 9,000, kinafanya kazi usiku na mchana bila luku. Hakuna marekebisho ya kuta yatakayoficha hilo bila kuharibu kitu kingine.

Tiba ya haraka ni kuandika wastani wa joto la hewa la mwaka wa mahali hapo kwa kila mwezi, kisha kuendesha modeli na kutazama wastani wa joto la ndani. Udongo wa katikati ya nyumba hufuata ndani ya nyumba kuliko unavyofuata nje, hivyo sogeza nambari kuelekea huko na uendeshe tena. Mizunguko miwili mitatu inatosha. Tiba kamili ni kutumia Kiva, ambayo imo ndani ya EnergyPlus na hukokotoa msingi na udongo wenyewe.

Kama ardhi iko sawa na kosa bado ni lilelile, geukia kipimajoto. Kile cha bei poa cha DHT11 kina ruhusa ya kukosea kwa nyuzi 2 kwenda juu au chini. DHT22 ni nusu nyuzi. Viweke vyote pamoja kwenye boksi moja kivulini usiku mmoja, uone vinavyotofautiana. Tazama na pale ulipovitundika: juu ya friji, nyuma ya televisheni, au kwenye ukuta wa magharibi ambao jua limeupiga alasiri nzima, kipimajoto kinasoma ukuta, hakisomi hewa. Cha nje kisicho na kinga ya jua hakifai kabisa mchana.

Dalili: umbo ni zuri, lakini limesogea kushoto au kulia

Pima umbali wa kusogea. Saa tatu kamili ni saa za UTC: data imeandikwa kwa saa za Greenwich na wewe umeisoma kama ya Afrika Mashariki. Saa sita kamili ni yetu wenyewe. Mtu wa nyumbani aliombwa ajaze kipimo kwenye daftari, akaandika "saa 2, nyuzi 26" akimaanisha asubuhi, na aliyeingiza kwenye kompyuta akaiweka 02:00. Safu ikichanganya wanaoandika 8 na wanaoandika 2, utaona joto linaruka kwa namna isiyoelezeka. Kwenye daftari weka maneno asubuhi, mchana, jioni na usiku kando ya kila saa, ndipo utakapoweza kuisafisha.

Kusogea kwa nusu saa hadi saa moja hutoka kwenye mazoea ya mafaili. Faili la EPW, yaani faili la hali ya hewa linalosomwa na EnergyPlus, huhesabu saa 1 hadi 24, na saa ya 1 ni dakika sitini zinazoishia saa 01:00. Mionzi ya jua ya ERA5, data ya hali ya hewa ya dunia nzima iliyokokotolewa kwa visanduku, nayo ni jumla ya saa iliyopita. Ukichanganya hizo na kirekodi kinachosoma papo kwa papo, nusu saa imepotea.

Njia ya kuhakiki ni jua. Dar es Salaam iko longitudo 39.3 mashariki, na saa zetu zimefungwa kwenye longitudo 45. Tofauti hiyo ni dakika 23, hivyo jua hufika juu kabisa kama 12:23 kwa wastani, likiwahi hadi karibu 12:07 mwanzoni mwa Novemba na kuchelewa hadi karibu 12:37 katikati ya Februari. Kama kwenye faili lako kilele cha mionzi ya siku zisizo na mawingu kiko saa tisa alasiri, usiendelee na kitu kingine.

Dalili: madirisha yako wazi, lakini modeli inachemka alasiri

Hewa haipiti kwenye modeli. Chanzo cha kwanza cha kukagua ni amri ya dirisha. Katika AirflowNetwork, sehemu ya EnergyPlus inayokokotoa hewa inavyopita kwenye matundu, ukichagua udhibiti wa `Temperature`, dirisha hufunguka pale tu ndani panapokuwa na joto kuliko nje na kuliko kiwango ulichoweka. Ni dirisha lenye akili ambalo hakuna aliye nalo Kinondoni. Watu hufungua asubuhi wakiamka na kufunga magharibi. Tumia `Constant` na ratiba ya saa zinazofanana na maisha ya waliomo.

Chanzo cha pili ni kuweka njia mbili za hewa kwa pamoja. AirflowNetwork ikiwashwa kwa ajili ya kanda zote (vyumba vya modeli), vitu vyako vya `ZoneVentilation` na `ZoneMixing`, ambavyo ni njia rahisi za kuingiza na kuchanganya hewa, vinapuuzwa. Mtu anaongeza hewa pale, anaendesha tena, hakuna kinachobadilika, anadhani programu imeharibika. Upande wa pili, ukitumia `ZoneVentilation:DesignFlowRate` peke yake bila kugusa vigawo vyake, unapata hewa ileile upepo uwepo usiwepo, kwa sababu chaguo-msingi lake halijali upepo wala joto.

Chanzo cha tatu kinawakamata hata wazoefu. Chumba kina madirisha mawili, yote kwenye ukuta mmoja. Modeli inapotumia wastani wa shinikizo la upepo kwa ukuta mzima, madirisha hayo mawili yanapata shinikizo lilelile, na upepo hausukumi chochote kati yake. Kinachobaki ni hewa ya joto kupanda tu. Kwenye nyumba halisi upepo hugonga dirisha moja kuliko jingine, na hewa inazunguka. EnergyPlus ina chaguo la `ADVANCED` kwa vyumba vya namna hiyo. Ama sivyo weka vigawo vya shinikizo (nambari zinazosema upepo unasukuma kila uso kiasi gani) kwa mkono, kila dirisha na chake.

Dalili: modeli inafuata joto la nje kama kivuli, nyumba haifuati

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo zaidi, na ndiyo inayohitaji muda. Modeli inapata hewa nyingi mno, na karibu kila mara kosa ni upepo wa uwanja wa ndege.

Kasi ya upepo kwenye faili la hali ya hewa imepimwa mita 10 juu ya uwanda ulio wazi. Dirisha lako liko mita 2 kutoka chini, katikati ya nyumba za watu. Kwa kanuni inayotumiwa na EnergyPlus, upepo wa mita 4 kwa sekunde uwanjani unakuwa mita 2 kwa sekunde kwenye dirisha la kitongoji chenye nafasi, na mita 1 kwa sekunde katikati ya jiji. Mtiririko wa hewa ya upepo unakwenda sambamba na kasi, hivyo kuacha mandhari kwenye "uwanda wazi" kunakupa hewa mara moja na nusu hadi mara tatu ya ile ya kweli. Na kanuni hiyo haijui uchochoro. Manzese au Tandale, ambako ukinyoosha mkono dirishani unagusa ukuta wa jirani, hata mita 1 ni ukarimu. Huko tundika kipimaupepo kidogo dirishani kwa siku chache, upate uwiano wako mwenyewe na upepo wa uwanjani.

Vigawo vya shinikizo vinavyokokotolewa na programu vimekusudiwa jengo la mstatili lililosimama peke yake. Ukichora nyumba za jirani kama vivuli, zitazuia jua tu. Upepo utazipenya kana kwamba hazipo.

Baada ya hapo njoo kwenye dirisha lenyewe. Dirisha la alumini la kusukuma likifunguliwa lote, nusu yake bado ni kioo. Toa na nondo. Toa na wavu wa mbu, ambao huweza kula theluthi ya mtiririko au zaidi, hasa upepo ukiwa mdogo, na ukijaa vumbi ndiyo kabisa. Pazia zito ni hadithi nyingine. Dirisha lililochorwa mita za mraba 1.8 linaweza kubakiza chini ya 0.6 ya kupitisha hewa, na modeli inahesabu zote.

Kisha saa. Pwani, jua likizama watu hufunga madirisha kwa ajili ya mbu, na kwa ajili ya wezi. Ndio wakati hewa ya nje inaanza kupoa na ingeweza kusaidia zaidi. Ratiba ya "wazi usiku kucha" inayopendeza kwenye ripoti za majengo yanayotumia nishati kidogo ni ya nyumba yenye nyavu nzima, nondo imara na tundu za hewa juu ya renta. Waulize waliomo, usikisie. Na waulize pale pale kama wanalala na milango ya vyumba imefungwa. Mlango ukifungwa, hewa ya kupita kutoka dirisha hadi dirisha imekwisha, na vyumba vyako viwili vilivyounganishwa kwenye modeli sasa ni vyumba viwili vyenye tundu moja moja.

Dalili: Julai iko sawa, Januari imeharibika, au kinyume chake

Chora rozi ya upepo ya faili lako, yaani mchoro wa pande upepo unakotoka. Huhitaji takwimu kujua kama ni sahihi. Nahodha yeyote wa jahazi angekuambia. Januari upepo uwe wa kaskazi, ukitoka kaskazini-mashariki. Julai uwe kusi, ukitoka upande wa kusini na kusini-mashariki. Kama kwenye grafu kusi inatoka kaskazini-magharibi, alama imegeuzwa. Data ya ERA5 hutoa upepo kwa vipande viwili, kimoja kikiwa chanya unapovuma kuelekea mashariki na kingine unapovuma kuelekea kaskazini, huku EPW ikitaka upande unakotoka. Ukisahau kugeuza, chumba cha upande wa upepo kinakuwa cha upande wa nyuma, na makosa ya vyumba viwili yanabadilishana.

Hukohuko kwenye ERA5 kuna mtego wa pwani. Kisanduku kimoja hapa karibu na ikweta ni kama kilomita 28 kwa 28, na kikikaa nusu bahari nusu nchi kavu, joto la nje linapanda na kushuka kidogo kuliko la mtaani. Chagua kisanduku cha jirani kilicho ndani zaidi ya nchi, ukilinganishe na kipimajoto chako cha nje.

Na jambo linalosemwa kila siku lakini linarudiwa kila siku: faili la mwaka wa kawaida, lililoshonwa kutoka miezi ya miaka tofauti, haliwezi kulinganishwa na wiki tatu ulizopima wewe. Kwa kulinganisha, tumia hali ya hewa ya siku zilezile.

Dalili: joto la hewa liko sawa, watu wanasema modeli inadanganya

Inua macho. Bati linalopigwa na jua la saa saba huipasha silingibodi, na silingibodi humpasha aliyekaa chini yake hata kama hewa inapita. Hewa ikiwa nyuzi 31 na wastani wa nyuso zinazomzunguka 36, mwili unahisi kama 33.5. Toa joto la pamoja la hewa na nyuso, usitoe la hewa tu.

Kosa la kawaida ni kuandika bati, nafasi ya hewa na silingibodi kama ukuta mmoja wenye tabaka tatu. Nafasi ya kwenye kenchi inastahili kuwa kanda yake yenyewe, ikiwa na matundu ya kwenye ukingo wa paa kama yapo. Kagua pia uso wa bati. Chaguo-msingi la EnergyPlus ni kunyonya 0.7 ya jua na kutoa 0.9 ya joto la mionzi. Bati jipya linalong'aa hunyonya jua pungufu ya hapo, lakini pia hutoa mionzi kidogo sana kuelekea angani. Bati lenye kutu hunyonya zaidi. Nyumba moja, miaka kumi baadaye, ni modeli nyingine.

Feni ya dari haipozi hewa. Kwenye modeli ni mashine ya wati 60 hadi 75 inayoongeza joto. Faida yake ihesabiwe kwenye kasi ya hewa mwilini.

Mengine ya haraka

Mstari wa joto una meno ya msumeno: madirisha yanafunguka na kufunga kila hatua ya muda ya hesabu. Ongeza hatua kwa saa, na uruhusu dirisha lifunguke kidogo kidogo.

Onyo la siku za kupasha moto (siku ambazo programu hurudia kabla ya kuanza hesabu yenyewe) kutofikia mwafaka: chaguo-msingi ni siku 25. Jumba la mawe la Mji Mkongwe lenye kuta za nusu mita litahitaji zaidi.

Chumba kinapanda na kushuka mno hata madirisha yakiwa yamefungwa: umesahau kuta za ndani na samani. Ziweke kama uzito wa ndani.

Umeihamishia modeli Nairobi na hewa haibebi joto kama ulivyotarajia: huko juu hewa ina kilo 0.98 hivi kwa mita ya ujazo badala ya 1.2, na mtiririko uleule unabeba karibu asilimia 18 pungufu. Hakikisha mwinuko na shinikizo vimo kwenye faili. Kwa jengo linalotegemea hewa ya joto kupanda kwenye ukumbi wa kati, kama ofisi za Umoja wa Mataifa za Gigiri zilizofunguliwa 2011, si jambo la kuacha.

Dalili: modeli imefaulu mtihani, lakini huiamini

Una haki. Vipimo vinavyonukuliwa sana, vya ASHRAE Guideline 14 (mwongozo wa chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani), vinaruhusu kosa la wastani la asilimia 10 na mtawanyiko wa asilimia 30 kwa data ya kila saa. Vilitungwa kwa ajili ya matumizi ya nishati. Kwa joto la nyuzi 28, asilimia 10 ni nyuzi 2.8 na asilimia 30 ni nyuzi 8.4. Chumba cha Dar es Salaam hakiwezi kufeli mtihani huo hata kikijaribu. Andika kosa kwa nyuzi, na uandike kando yake kosa la kukosea wakati wa kilele.

Halafu ilinganishe modeli yako na mpinzani asiye na gharama: dhana kwamba ndani ni sawa na nje. Kokotoa kosa la dhana hiyo kwa saa zilezile. Modeli ikiwa na kosa la nyuzi 1.4 na dhana ikiwa na 1.5, umefanya kazi ya wiki nzima kwa nyuzi 0.1, na chanzo kiko kwenye upepo au faili. Gawa data mara mbili: rekebisha kwa wiki za kusi, kisha ijaribu kwa wiki za kaskazi bila kugusa kigezo hata kimoja. Kosa likipanda kutoka nyuzi 0.7 hadi 2, rudi kwenye rozi ya upepo na ratiba ya madirisha kabla ya kurudi kwenye tofali.